Siasa ya Mazingira, si Ikolojia ya Kisiasa

Nimeletewa tena "ikolojia ya kisiasa" kama tafsiri ya political ecology, safari hii ikiwa na baraka za kamati ya istilahi. Niliipinga kwa barua mbili, sikujibiwa hata moja. Basi naipinga hapa.

Kosa liko kwenye hilo "ya kisiasa". Mswahili akitaja kesi ya kisiasa au uamuzi wa kisiasa, ana maana kwamba haki au utaalamu umewekwa kando. Ikolojia ya kisiasa, kwa sikio letu, ni ikolojia iliyochakachuliwa. Sivyo alivyokusudia mwanaanthropolojia Eric Wolf alipoiandikia makala political ecology mwaka 1972.

Ili kuona taaluma hii inauliza nini, simama kwenye daraja la Sitalike, Tanzania, kiangazi kikikolea. Viboko wamebanana kwenye dimbwi la mto Katuma, matope yamewakaukia mgongoni. Mwanaikolojia atawahesabu, atapima kina. Lakini maji hayo, kabla ya kufika Hifadhi ya Katavi, yamepita kwenye mabanio ya wakulima wa mpunga huko juu. Nani afungue banio, na lini, hakuna kipimo cha kina kinachoweza kujibu. Hilo ni swali la siasa, ndiyo maana napendekeza tuseme siasa ya mazingira.

Wapo wanaoniambia siasa ni neno chafu. Hawajafungua kamusi za zamani, ambamo siasa ni upole na uangalifu: kumwendea mtu kwa siasa ni kumwendea taratibu, bila kumvunjia heshima. Neno ni la Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa saisi, mtunza farasi. Saisi hamburuti mnyama. Anaijua kiu yake. Neno ikolojia nalo mwanabiolojia Mjerumani Haeckel aliliunda mwaka 1866 kutokana na neno la Kiyunani la nyumba. Sisi tuna mazingira, kutoka kuzinga na kuzingira, yaani vyote vinavyotuzunguka. Na mpunga, kiboko na hifadhi vyote vimezingirwa na bonde moja. Kwa nini tukope nyumba ya Wayunani?

Sheria ya maji ya Tanzania ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. Wakulima wanaokaa chini wakapangiana zamu, wakaacha na fungu la mto, wanafanya siasa kwa maana yake ya kwanza, na hiyo ndiyo njia ninayoiamini.

Eti siasa ya mazingira itachanganywa na sera ya mazingira! Sera huandikwa ikazinduliwa. Siasa huvutwa kama kamba, kila msimu.

Kuhusu matumizi: siasa ya mazingira, daima katika umoja. Mtaalamu wake aitwe mchambuzi wa siasa ya mazingira, kamwe si mwanasiasa wa mazingira.