Mchezo Usomwao na Wazee

Mwaka 1951, nchini Marekani, Charles Laughton, Charles Boyer, Cedric Hardwicke na Agnes Moorehead walisoma jukwaani Don Juan in Hell, sehemu ya tatu ya Man and Superman, mchezo wa George Bernard Shaw uliochapwa mwaka 1903. Hapakuwa na mapambo. Palikuwa na viti na vitabu. Hakuna miongoni mwao aliyekuwa chini ya miaka 50. Moorehead alisoma maneno ya Ana, ajuza wa miaka 77 ageukaye ghafula kuwa mwanamke wa miaka 27, na chombo chake kikubwa kilikuwa sauti. (Waliozoea tenzi zisomwazo barazani hawatastaajabu.) Wapo wasemao kwamba wazee washikao karatasi hawaigizi. Siwaafiki: karatasi huondoa hofu ya kusahau, nayo ndiyo iwatoayo wazee wengi jukwaani kabla sauti zao hazijachoka.