Nzango: Kutoka Uani hadi Uwanja wa Mashindano

Nzango ni mchezo wa miguu unaochezwa na wasichana na wanawake katika Kongo zote mbili, ya Kinshasa na ya Brazzaville. Hauna mpira, hauna fimbo, na viatu si lazima. Timu mbili hujipanga zikitazamana. Kila upande hutoa mchezaji mmoja, na hao wawili hurukaruka na kupiga makofi wakifuata wimbo wa wenzao. Mdundo ukifika mahali pake, wote wawili hutupa mguu mbele kwa pamoja. Kabla ya kuanza timu zimekwisha kugawana bahati: moja huhesabu pointi miguu ikikutana upande mmoja, nyingine huhesabu ikipishana. Anayeshinda husonga mbele kumkabili mpinzani anayefuata, na anayeshindwa humpisha mwenzake.

Kwa mtazamaji mgeni jambo hili hufanana na kubahatisha. Lakini mguu hutupwa kwa kasi mno, na mchezaji hodari hukaa akimsoma mwenzake: nani hupenda mguu wa kulia, nani hubadilisha kila baada ya mara mbili, nani huinamisha bega kabla hajatupa. Wimbo nao ni sehemu ya vita. Waimbaji wakiharakisha makofi, mpinzani aliyezoea mwendo wa polepole huchelewa kidogo tu, na kuchelewa huko mwamuzi hakukubali. Pumzi huisha upesi, maana kuruka hakukomi.

Kisangani, katika Kongo ya Kinshasa, ni mji unaofaa kuutazama mchezo huu, kwa sababu ndipo lugha mbili kubwa za Kongo zinapokutana. Kiswahili kilifika kutoka mashariki na misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa wali wa Stanley Falls, yaani eneo la Kisangani, chini ya Dola Huru ya Kongo. Kilingala kilipanda mto pamoja na askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni, na mabaharia wa meli za mvuke, kwani hapo ndipo meli kutoka Kinshasa zinapokoma, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,700. Watoto wa mji huo wamekua wakihama kutoka lugha moja hadi nyingine bila kujiuliza, na mchezo wenye jina la Kilingala haukuwa mgeni katika nyua za watu wanaosalimiana kwa Kiswahili.

Michezo iliyoandikwa kanuni ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu, alifungua misheni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na maporomoko ya Stanley. Kama ilivyokuwa kote Kongo ya Wabelgiji, misheni na kampuni ndizo zilizoeneza soka, na soka ilikuwa ya wavulana. Msichana aliyefika shuleni alifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto. Waliofika mbali zaidi ya hapo walihesabika kwa vidole: Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza shule ya sekondari, alimaliza mwaka 1961, yaani baada ya uhuru. Aliingia katika baraza la mawaziri mwaka 1966, mwaka uleule ambao Stanleyville iliitwa rasmi Kisangani. Katika hali hiyo nzango ulikuwa mchezo wa muda uliobaki, baada ya maji kutekwa na vyombo kuoshwa, au wakati wa mapumziko shuleni. Hakuna aliyeuandika, na pengine ndiyo maana hakuna aliyeukataza.

Afrika Mashariki ya Waingereza ilikwenda njia tofauti. Huko shule za wasichana zilipewa netiboli, mchezo uliotungwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya wanawake na kuandikiwa kanuni mwaka 1901. Ndiyo maana Uganda, Kenya na Tanzania zina ligi za netiboli hadi leo, na Kongo haina desturi hiyo. Wanawake wa Kongo waliotaka mchezo wa timu waliangukia mpira wa kikapu, na walifanya makubwa: Zaire, kama Kongo ya Kinshasa ilivyoitwa wakati huo, ilitwaa ubingwa wa Afrika wa wanawake mwaka 1983, tena mwaka 1986, tena mwaka 1994, na ikacheza Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Kutoka kikosi hicho Mwadi Mabika alikwenda Marekani na kutwaa ubingwa wa WNBA mara mbili akiwa na Los Angeles Sparks, mwaka 2001 na 2002.

Miaka ya Rais Mobutu ingeweza kuupa nzango bahati yake. Siasa ya uasilia ya miaka ya 1970 ilitukuza kila kilichoitwa cha mababu, na vikundi vya uhamasishaji viliwapanga wanawake kwa mamia kuimba na kucheza kumsifu kiongozi. Nyimbo zilikuwepo, makofi yalikuwepo, miguu ilikuwepo. Kilichokosekana ni ushindani. Serikali ilimtaka mwanamke acheze ngoma kwa ajili ya mtu mwingine, wala haikujishughulisha kujua nani kamshinda nani.

Hatua ya kuandika kanuni ilichukuliwa ng'ambo ya mto, Brazzaville. Mwaka 2005 Roger Bouka Owoko alitoa utaratibu wa kile kinachoitwa nzango wa kisasa: uwanja wenye mipaka, idadi maalumu ya wachezaji pamoja na wa akiba, muda uliogawanywa vipindi viwili, waamuzi na jedwali la pointi. Hapo mchezo wa uani ukawa na vilabu na shirikisho, na Kongo-Brazzaville ikaanza kuwa na mashindano ya taifa ya nzango. Wimbo haukuondolewa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani nzango bila wimbo ungebaki mazoezi ya viungo tu.

Mwaka 2015 Brazzaville iliandaa Michezo ya Afrika ya 11, miaka 50 baada ya kuandaa ile ya kwanza ya mwaka 1965, na wenyeji wakautumia uenyeji wao kuuingiza nzango katika ratiba. Michezo ya Rabat ya mwaka 2019 haikuwa nao. Mchezo unaochezwa hasa na nchi mbili hutegemea sana nani ni mwenyeji.

Mwaka huohuo wa 2015, katika Kongo ya Kinshasa, Jimbo la Mashariki liligawanywa na Tshopo ikawa jimbo, moja kati ya 26, makao yake yakiwa Kisangani. Kwa michezo, maana yake ni kwamba washindani wa taifa sasa wanapaswa kutoka katika majimbo mengi zaidi, huku njia zikiwa zilezile. Kwa timu ya Kisangani safari si nyepesi. Kwenda Kinshasa ni ndege, au majahazi yanayoweza kuchukua wiki kadhaa mtoni. Hata ligi kuu ya soka ya wanaume, yenye fedha kuliko mchezo wowote nchini, imekuwa ikigawanywa kwa kanda kwa sababu ya umbali. Juu ya hayo mji umepigwa na vita: kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humo kwa siku sita, maelfu ya makombora yakaanguka mitaani na mamia ya raia wakauawa. Mji unaojenga upya shule na zahanati hauanzi na uwanja wa nzango.

Hata hivyo nzango ndio mchezo wenye gharama ndogo kuliko yote. Kisangani ina wilaya sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani yenyewe, na Lubunga iliyo ng'ambo ya mto. Timu sita, uwanja uliofagiliwa, mwamuzi anayejua kanuni za mwaka 2005 na nauli ya mtumbwi kwa wachezaji wa Lubunga vinatosha kumpata bingwa wa mji. Viongozi wa michezo wa jimbo la Tshopo waanzie hapo, na suala la Kinshasa lifuate baadaye.