Saa ya Bibi na Reli ya Mikumi

Ndugu wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaokalia madawati tuliyoyaacha, nimeombwa niandike juu ya historia ya kwetu Kilosa. Nimechagua kitu kidogo kuliko sarafu: saa ya mkono ya kike aliyoiacha bibi yangu mzaa mama huko Mikumi.

Juu ya saa hiyo palikuwa na maneno mawili. Wapwa wa marehemu babu walishikilia kwamba babu aliirithi kwa mjomba wake, aliyeipata Waingereza walipoutwaa mji wa Kilosa kutoka kwa Wajerumani, Agosti 1916. Kwa desturi ya Wasagara ukoo hufuatwa upande wa mama, na mali ya mjomba humwendea mpwa. Hoja yao basi ilikuwa nzito. Mama mdogo alikana. Alisema mama yake aliinunua kwa fedha yake mwenyewe, ya uji na maandazi aliyowauzia vibarua wa reli.

Niliipeleka kwa fundi saa mmoja mzee, Kilosa mjini, nikamwomba asisugue kitu kabla hatujasoma. Jina la usoni lilikuwa limefutika. Hilo halikutusumbua, maana alama ya kweli hukaa ndani, karibu na gurudumu la mizani. Tukakuta herufi AS: ni kiwanda cha A. Schild cha Grenchen, Uswisi, kilichowatengenezea mitambo wenye majina mengi. Kando yake neno Incabloc, yaani kinga ya mshtuko iliyobuniwa miaka ya 1930. Hapo 1916 ikaanguka. (Kuwa saa ya kike kusingetosha kuikataa, kabla ya vita vile saa ya mkono ilikuwa hasa pambo la wanawake.)

Chini ya uso, maneno SWISS MADE yalikuwa na herufi T kila upande. Hiyo ni alama ya tritiamu, rangi ya kung'aa gizani, iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Nayo reli ya Kilosa hadi Mikumi ilifunguliwa 1960, ikafikishwa Kidatu 1965. Saa haisemi nani aliinunua. Lakini miaka yake ni miaka ya maandazi ya bibi.

Matengenezo hayakuwa makubwa. Kamani ilikuwa imekatika na mafuta yamekauka yakawa gundi. Fundi alifungua kila kipande, akaosha kwa petroli, akatia kamani iliyotoka katika saa nyingine ya AS iliyokufa, kisha akadondosha mafuta kwa ncha ya sindano penye mawe yake 17. Mawe hayo ni rubi za kiwandani; sisi wa Morogoro, ambako rubi huchimbwa ardhini, tulicheka. Kioo cha plastiki kilisuguliwa kwa dawa ya meno. Uso hatukuugusa, na vijana msikwangue kamwe rangi ya saa kuukuu: zile za zamani zaidi zina radiamu, ambayo sumu yake haijaisha. Sasa inapiga mara tano kwa sekunde, 18,000 kwa saa.

Wapwa walikuja Mikumi, wakaangalia herufi moja moja kwa kioo cha kukuzia. Mkubwa wao aliitia ufunguo, akaisikiliza sikioni, akamfunga mama mdogo mkononi.