Tumbaku, Forodha na Lugha: Sheria ya Udhibiti katika Mji wa Goma

Utangulizi

Sera ya kudhibiti tumbaku katika nchi zenye kipato kidogo hujadiliwa mara nyingi kama suala la tiba, na pengine kama suala la uchumi. Mitazamo hiyo miwili ina ukweli wake, lakini inaacha kando jambo la msingi. Nyenzo zote za sera hiyo, yaani kodi, onyo la afya, katazo la matangazo na ukaguzi wa bidhaa, ni nyenzo za dola. Zinadhania kuwapo kwa mamlaka moja yenye kushika mpaka na yenye kuzungumza na raia wake kwa lugha wanayoielewa. Makala haya yanaichunguza dhana hiyo kwa kuuangalia mji wa Goma, makao makuu ya Kivu ya Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja yake ni kwamba udhaifu wa udhibiti mjini humo hautokani na ukosefu wa sheria wala ukaidi wa wavutaji. Unatokana na historia ya forodha na historia ya lugha.

Zao la zamani, mpaka mpya

Tumbaku asili yake ni Amerika, nayo ilianza kuenea Afrika katika enzi ya biashara ya Wareno. Kufikia karne ya 19 ilikuwa imekwisha kuzoeleka katika eneo la Maziwa Makuu, ikivutwa kwa kiko au kunuswa kama ugoro. Mpaka wa Goma ni mchanga kuliko zao hilo. Ni mwaka 1910 tu ambapo Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza zilipokubaliana kuhusu mipaka ya eneo la Kivu, Goma ikabaki upande wa Wabelgiji na Gisenyi upande wa Wajerumani. Baada ya 1916 Wabelgiji waliitwaa Rwanda pia, na kwa miaka zaidi ya arobaini mstari huo ukawa unatenganisha maeneo mawili yaliyo chini ya mtawala mmoja. Ulipata uzito wa mpaka wa mataifa huru baada ya Kongo kupata uhuru mwaka 1960 na Rwanda mwaka 1962.

Kwa hiyo miji hiyo miwili ilikua pamoja, kiasi kwamba mtaa wa Birere unapakana moja kwa moja na nchi jirani. Maelfu ya watu wamekuwa wakivuka kila siku kwa miguu katika kizuizi kidogo kiitwacho Petite Barrière, wengi wao wanawake wenye mizigo ya chakula na bidhaa ndogo ndogo. Pakiti ya sigara ni nyepesi, haiozi, ina thamani kubwa kwa uzito wake, na mnunuzi wake hurudi kila siku. Ni vigumu kupata bidhaa inayoufaa mpaka wa namna hiyo zaidi ya sigara.

Mkataba na wakati wake

Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu udhibiti wa tumbaku ulijadiliwa mjini Geneva kuanzia mwaka 2000, ukapitishwa Mei 2003 na kuanza kutumika tarehe 27 Februari 2005. Nchi za Afrika zilisimama pamoja katika majadiliano hayo na kudai masharti makali. Kongo iliuridhia mkataba Oktoba 2005. Agizo la Wizara ya Afya lilifuata mwaka 2007, kisha Sheria Na. 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 kuhusu misingi ya afya ya umma ikaiingiza tumbaku katika sheria kuu ya nchi.

Mpangilio huo wa tarehe unapendeza ukitazamwa kutoka Kinshasa. Ukitazamwa kutoka Goma unasema jambo jingine. Tangu Agosti 1998 hadi 2003, yaani katika kipindi chote cha majadiliano ya Geneva, Goma ilikuwa makao ya waasi wa RCD, nao ndio waliotoza ushuru katika vituo vyake. Kaskazini zaidi, Beni na Butembo zilikuwa chini ya kundi jingine. Mtafiti Timothy Raeymaekers ameonyesha jinsi wafanyabiashara wakubwa wa Butembo walivyowalipa watawala hao ushuru mapema ili wapunguziwe viwango. Mtindo huo uliacha mazoea: kiwango cha ushuru kikawa jambo la mapatano.

Itifaki ya kukomesha biashara haramu ya tumbaku ilipitishwa mjini Seoul tarehe 12 Novemba 2012. Siku nane baadaye, tarehe 20 Novemba, waasi wa M23 waliingia Goma na kukaa siku kumi na moja hivi. Itifaki ilianza kutumika Septemba 2018. Juni 2022 M23 waliteka kituo cha mpakani cha Bunagana, wakawa wanatoza ushuru hapo, na mwishoni mwa Januari 2025 wakaiteka Goma yenyewe.

Kodi bila dola moja

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1999 ilikadiria kwamba bei ya sigara ikipandishwa kwa asilimia 10, matumizi hupungua kwa asilimia 4 hivi katika nchi tajiri na asilimia 8 hivi katika nchi maskini. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa Kifungu cha 6 cha mkataba. Hata hivyo nguvu yake inategemea mnunuzi asipate pakiti nyingine ya bei nafuu pembeni mwa ile iliyolipiwa kodi.

Watengenezaji wa sigara wamezoea kudai kwamba kodi kubwa ndiyo inayozaa magendo. Ripoti hiyo hiyo iliipinga hoja hii, ikieleza kwamba ufisadi na udhaifu wa udhibiti vina uzito mkubwa katika kueneza magendo. Historia ya Goma inaunga mkono jibu hilo. Njia za magendo za Kivu zilichongwa na vita na mpaka, wala hazikusubiri waziri apandishe kodi kwa ajili ya afya.

Ni lazima pia kutofautisha kodi ya afya na tozo ya mwenye silaha. Zote mbili zinaweza kuongeza bei. Lakini kodi ya afya hulenga kupunguza uvutaji, na inaweza kurudi kwa raia kwa sura ya zahanati. Mwenye kizuizi cha barabarani anataka shehena ipite leo na kesho, kwa kuwa ikikoma, mapato yake yamekoma. Mlipaji naye hana jinsi ya kudai hesabu.

Onyo kwa lugha gani?

Kifungu cha 11 cha mkataba kinataka onyo la afya liandikwe kwa lugha kuu ya nchi au lugha zake kuu. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, na Kifungu chake cha 142 kinaiagiza serikali kuzisambaza sheria kwa Kifaransa na kwa kila lugha ya taifa katika muda wa siku sitini. Kwa hiyo msingi wa kisheria wa kumwonya mkazi wa Goma kwa Kiswahili upo. Kenya ilikwisha kulifanya hilo katika sheria yake ya 2007, iliyotaka onyo kwa Kiingereza na Kiswahili.

Hata hivyo kunakili maneno ya Nairobi au Dar es Salaam hakutoshi. Neno kama saratani, lililo la kawaida katika Kiswahili sanifu, haliwezi kudhaniwa kuwa linaeleweka na kila mnunuzi wa Birere. Zaidi ya hayo, anayenunua sigara moja moja haioni pakiti kabisa. Mkataba, katika Kifungu cha 16, unazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji huo, na mpaka uzuiwe, onyo lililochapishwa humwishia muuzaji. Redio ina nafasi hapa: Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002, hutangaza kwa Kifaransa na lugha zote nne za taifa.

Hitimisho

Goma inafundisha kwamba mkataba wa kimataifa unaweza kuridhiwa katika mji mkuu na usifike mpakani. Kodi itasubiri amani na forodha moja. Onyo halina sababu ya kusubiri. Kuteua maneno, kuyapima kwa wasemaji wa Kivu na kuyapeleka redioni ni kazi ambayo wataalamu wa Kiswahili wanaweza kuianza bila kujali nani anashika kizuizi.