Kigawo na kigawe

Mtoto wa Mpanda akiwa na kokoto 12 tayari ana mchezo. Anazipanga safu 2 za 6, kisha 3 za 4, zinakaa sawa. Akiongeza moja, 13 zinagoma: hazikubali ila mstari mmoja. Hiyo ni namba tasa (jina kali kidogo), kama ilivyo 5.

Katika kugawa namba namna hii, kinachowachanganya wengi ni kigawo na kigawe.

Siri iko kwenye irabu ya mwisho. Yenye -o hutaja kitendea kazi, kama kifuniko: kigawo hugawa. Yenye -e hutaja kilichotendwa, kama kiumbe kilichoumbwa au mtume aliyetumwa: kigawe hugawanywa. Hivyo 4 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 4.