Mshahara wa Uani

Historia ya uchumi wa Tanzania ya miaka ya themanini huandikwa kwa majina ya waliosaini mikataba: nani alikataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, nani aliyakubali, lini shilingi ilishushwa thamani. Sina ugomvi na historia hiyo. Ila nyumba niliyokulia Sinza, Dar es Salaam, haikulishwa na mkataba. Ililishwa na kuku wa mayai mia na ushei, friji moja lenye kutu mlangoni, na karai la mafuta lililobandikwa jikoni saa kumi alfajiri. Mama alikuwa muuguzi, baba karani wa mahesabu katika shirika la umma. Wote wawili walikuwa na ajira ya kudumu, na mishahara yao yote miwili ikiunganishwa haikutufikisha tarehe kumi na tano.

Sababu zinajulikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita na Idi Amin vikaanza mwishoni mwa 1978 na kumeza fedha za kigeni zilizokuwepo na zisizokuwepo. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda tena, huku kahawa ikishuka. Bidhaa zikaadimika madukani, na kilichopatikana kwa mlango wa nyuma kiliuzwa kwa bei ambayo karani hakuiota. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyeishi na watu wa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya themanini na kuchapisha kitabu chake mwaka 1997, anaonyesha kwamba kati ya 1974 na 1988 thamani halisi ya mishahara ilianguka kwa asilimia 83. Ukimwonyesha mama yangu takwimu hiyo atakuuliza kwa nini ilihitaji utafiti.

Kujipatia riziki uani halikuwa jambo geni mjini. Wanawake wa Kariakoo na Ilala walikuwa wakipika vitumbua na chapati, wakitengeneza pombe na kupangisha vyumba tangu zama za Mwingereza, na wengi wa akina mama waliomfuata Bibi Titi Mohamed kuijenga TANU katika miaka ya hamsini walijitegemea kwa shughuli za namna hiyo. Nadhani hilo liliwapa ujasiri. Mwanamke asiyemwomba mtu nauli ya kwenda mkutanoni haombi ruhusa ya kwenda. Kilichokuwa kipya miaka ya themanini ni aina ya watu walioingia humo: wauguzi, walimu, makarani, hata mabwana wakubwa wa wizara, watu waliosomeshwa ili wasiuze vitumbua.

Aibu yake ilikuwa kubwa kuliko vijana wa leo wanavyoweza kufikiri. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Neno kiongozi lilinyooshwa hadi kuwafikia watumishi wa serikali wa ngazi ya kati, na likamhesabu mtu pamoja na mwenzi wake wa ndoa, ili mume asijifiche nyuma ya mke wala mke nyuma ya mume. Baba hakuwa kiongozi wa chochote, lakini wakubwa wake walikuwa, na tabia ya wakubwa hushuka ngazi. Kutafuta cha pembeni kulinuka ubepari. Orodha ya makatazo, hata hivyo, haikuwa na kuku. Basi kuku wakaingilia hapo. Nyumba zenye bustani za kikoloni kule Oysterbay zikapata mabanda nyuma, na baadaye ng'ombe wa maziwa, na mtu mwenye gari la serikali alionekana asubuhi akisimamia majani yanayoshushwa.

Sisi hatukuwa na bustani. Sinza ilikuwa moja ya sehemu zilizopimwa viwanja na kuwekewa huduma kwa fedha za Benki ya Dunia miaka ya sabini, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Viwanja vyetu vilikuwa vidogo, vya watu wa kipato chetu, na mchoraji wa ramani alikusudia watu walale humo, wapike na waanike nguo. Baba alijenga banda kati ya choo na ukuta wa jirani, kwa mbao za makreti na wavu uliokuwa wa kitu kingine. Harufu yake hakuna aliyeilalamikia, maana kila upande kulikuwa na banda jingine.

Kuku wa kisasa ni mnyama wa hesabu. Vifaranga walikuja katika boksi lenye matundu, wa siku moja, na wiki za kwanza walilala chumbani kwetu watoto, juu ya maranda, wakizungushiwa kadibodi na taa ya chemli katikati. Taa ikizimika usiku, asubuhi unaokota maiti. Kazi ya kuamka kuitazama ilikuwa yangu na kaka yangu kwa zamu, na mama, ambaye wiki za naiti alikuwa wodini, alituachia maagizo kama anavyomkabidhi muuguzi mwenzake wagonjwa. Chakula tulichanganya wenyewe sakafuni kwa koleo: pumba za mahindi kutoka mashine za Manzese, mashudu, dagaa waliosagwa, chokaa, chumvi kidogo. Dagaa wakikosekana mayai yanapungua ndani ya wiki. Na juu ya yote kulikuwa na mdondo, ugonjwa ambao ukiingia banda la jirani Jumatatu, hadi Ijumaa unaweza kufagia mtaa mzima. Chanjo ilihitaji baridi, na mama alikuwa mtu wa kujua baridi inatunzwa wapi. Zaidi ya hapo sisemi.

Hapo napaona penye siri ambayo vitabu huipita haraka. Wageni walishangaa kwa nini watu ambao mshahara wao haununui chakula cha wiki mbili waliendelea kwenda kazini. Waende kufanya nini? Jibu ni kwamba kazi ndiyo iliyoubeba mradi. Kazini ndiko kulikokuwa na wateja wa uhakika, wenzako wanaokula maandazi saa nne kwa mkopo na kukatwa mwisho wa mwezi mbele ya dirisha la mhasibu. Kazini kulikuwa na simu, na kulikuwa na gari linaloenda Morogoro ambalo dereva wake angerudi na gunia la pumba. Huko huko ungeweza kupata kibali cha mfuko wa unga wa ngano, ukimjua mtu. Ofisi nzima ilikuwa soko lenye mafaili. Mpiga chapa alikuwa na droo ya vitambaa vya makochi alivyofuma, mhudumu aliuza karanga, na katika shirika la baba bosi mmoja aliheshimiwa zaidi kwa mayai yake kuliko kwa saini yake. Mshahara ulilipia heshima hiyo ya kuwemo ndani. Mradi ulilipia ugali.

Mama hakuwa na haja ya nadharia hiyo, alikuwa na kaunta buku. Upande wa kushoto aliandika madeni ya maandazi, kwa vyeo badala ya majina: Sista wa Leba, Daktari Mrefu, Mlinzi wa Geti. Upande wa kulia barafu. Barafu ilikuwa biashara yetu watoto: maji, sukari, ukwaju au ubuyu, ndani ya vifuko vya nailoni vilivyofungwa fundo, vikigandishwa usiku na kuuzwa mchana kwenye ndoo yenye kifuniko. Nilimaliza darasa la saba nikiwa na vidole vyenye mikwaruzo ya mafundo. Sikuwahi kulipwa, wala halikunijia wazo la kudai. Fedha ya barafu ilikuwa madaftari yetu, sare, na mchango wa mama kwenye upatu. Zamu ya upatu ilipomwangukia ndipo kitu kikubwa kilinunuliwa: cherehani ya Butterfly, mabati, siku moja godoro.

Ukisema wazazi wangu walijiongezea kipato nyumbani, umesema nusu. Mama alikuwa wodini kwa muda wa saa nane, na siku nyingine saa kumi na mbili. Nani alikanda ule unga? Alikuwepo binti aliyeletwa kutoka Singida akiwa hajafika miaka kumi na sita. Yeye ndiye aliyeamka kabla ya karai, aliyeokota mayai, aliyesimama kwenye foleni ya maji. Alipewa chakula, nguo za sikukuu, na fedha kidogo iliyotumwa kwao mara kwa mara, si kila mara. Nyumba zote za mtaa wetu zilizosifiwa kwa miradi zilikuwa na binti wa namna hiyo, na kwenye kaunta buku ya mama, ambayo iliandika hata kiberiti, jina lake wala cheo chake havimo. Mama nilipomuuliza miaka mingi baadaye alinijibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anachagua: "Mwanangu, tulimlea." Ni kweli walimlea. Na yeye alitulea.

Mwaka 1983 hofu ilibisha hodi. Serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa, mahakama maalumu ikaundwa, na mjini zikasikika habari za watu wanaotupa bidhaa baharini na mitaroni usiku ili zisikutwe kwao. Walengwa walikuwa wafanyabiashara wakubwa na vigogo, lakini mtu mwenye mfuko wa sukari chini ya kitanda kwa ajili ya barafu alikuwa hajui mstari umechorwa wapi. Baba aliugawa wetu kwenye vyombo vidogo na kuvisambaza kwa ndugu. Baadhi havikurudi. Mwaka huo huo ikaja sheria ya Nguvu Kazi, iliyowasaka mjini watu wasio na kazi inayotambulika, na hapo kitambulisho cha mwajiri kikawa na thamani mpya: anayeuza maandazi akiwa na kitambulisho ni mtumishi mwenye mradi, anayeuza maandazi yale yale bila kitambulisho ni mzururaji. Jirani yetu aliyepika sabuni ya mawese kwenye pipa, mama mjane asiye na ajira, aliondoka Sinza msimu huo kwenda kwa kaka yake Kigoma. Sabuni yake ilikuwa nzuri kuliko ya dukani, siku ambazo ya dukani ilikuwepo.

Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Aprili 1984, na katika mwaka huo serikali ikaanza kuruhusu watu waagize bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa wamezipata wapi. Mitumba ikarudi. Novemba 1985 akaingia Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Ruksa, na mwaka 1986 yakafuata makubaliano na Shirika la Fedha na dola kupanda kutoka shilingi 17 hadi 40. Kwa nyumba yetu ruksa ilikuwa na sura mbili. Sabuni na sukari vilionekana, tena vya rangi zote. Lakini maranda, chanjo na mashudu navyo vilipanda bei, na kila uani wa Dar es Salaam sasa ulikuwa na kuku, kwa hiyo trei la mayai halikupanda kwa kasi ile. Hesabu za kaunta buku za mwisho wa muongo ni za mtu anayekimbia ili abaki alipo.

Ndani ya nyumba kitu kingine kilikuwa kimebadilika, na hakuna bajeti iliyokitangaza. Baba, aliyekuwa akileta mshahara mezani katika bahasha ya kaki na kuugawa mbele yetu, aliacha kuugawa. Hapakuwa na cha kugawa. Aliyeulizwa kuhusu ada sasa alikuwa mama, na aliyetumwa kununua pumba alikuwa baba, ndani ya suti yake ya Kaunda, akiomba lifti kwenye Land Rover ya ofisi. Alilichukulia vizuri kuliko wanaume wengine wa mtaa wetu, ambao waliufunga mradi wa mke kwa wivu kisha wakakopa unga.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi: mwanachama akaruhusiwa kuwa na hisa, mapato ya ziada na nyumba ya kupangisha. Mwaka uliofuata zikatoka kanuni za kilimo cha mjini, zikiruhusu mtu kufuga ng'ombe wasiozidi wanne ndani ya banda. Baba alisoma habari hiyo gazetini na kusema wamewahalalisha kuku ambao sisi tulishawala.

Wetu walikuwa wameisha kweli. Mdondo ulipita mwaka uliotangulia na mama hakuagiza vifaranga tena. Ruhusa ya kupangisha ndiyo iliyotufaa. Banda lilivunjwa, vikajengwa vyumba viwili pale pale kati ya choo na ukuta, na kiinua mgongo cha baba kilipotoka hatimaye, thamani yake ikiwa imeshaliwa na miaka ya kusubiri, kilitosha kubomoa ukuta wa mbele na kutengeneza fremu tatu za maduka zinazotazama barabara. Sinza nzima ilifanya hivyo hivyo, na ndiyo maana leo ukipita huko huoni nyumba, unaona saluni, baa na maduka ya simu yaliyojipanga mbele ya nyumba. Fremu ya katikati amepanga mwalimu wa shule ya msingi anayeuza sare za wanafunzi. Mchana humwachia binti wa kazi, na kodi hulipa kwa miezi sita, kwa fedha ambayo kila mtu anajua haikutoka kwenye mshahara.