Sauti ya gitaa iko wapi?

Gitaa aliloniachia marehemu baba limepasuka ubavuni. Fundi mmoja alilitazama, akasema, "Hili sasa ni kuni." Nilikataa, nikikumbuka kisa cha Antonio de Torres, seremala wa Hispania aliyezaliwa Almería mwaka 1817. Mwaka 1862 Torres alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi iliyogandishwa kwa gundi. Mbao nzuri aliiweka mbele, chini ya nyuzi, kuthibitisha kwamba sauti hutoka hapo. Gitaa likalia vizuri, na hadi leo limehifadhiwa Barcelona.

Ubao wa mbele wa gitaa la baba ni mzima. Nimekwisha nunua gundi na jiriwa ndogo, najifunza polepole. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.